Gridi ikifa kabisa: namna ya kukiacha kinu cha nyuklia kisiyeyuke

Fimbo za kudhibiti zikishushwa, mpasuko wa atomi ndani ya kinu hukoma kwa sekunde chache. Joto halikomi. Kinu kilichokuwa kikizalisha joto la megawati (MW) 3,000 (umeme wake ni kama MW 1,000) hubaki na MW 200 hivi papo hapo, MW 45 baada ya saa moja, MW 15 baada ya siku, MW 4 baada ya mwezi na karibu MW 1 baada ya mwaka. Kila MW 1 huvukiza takriban tani 34 za maji kwa siku. Piga hesabu: siku ya pili unasaka tani 500, mwaka ukipita unasaka 34, kazi ya pampu ya shambani.

Kwa hiyo zima mapema, gridi ikiwa bado inayumba. Vinu vyote 6 vya Zaporizhzhia, Ukraine, vilisimama kuzalisha umeme Septemba 2022. Bwawa la Kakhovka lilipobomoka Juni 2023, visima 11 vyenye kutoa meta za ujazo 250 hivi kwa saa vilitosha kuvipoza vyote. Vingekuwa vinazalisha, visima hivyo visingefua dafu. Kikwazo hapa si cha kifundi: mji unataka umeme, na hakuna mkubwa anayependa kuwa wa kwanza kuuzima.

Gridi ikifa, pampu za kupoza hutegemea jenereta, kwa hiyo dizeli ihesabiwe kwa lita, si kwa matumaini. Jenereta ya MW 4 yenye mzigo kamili hunywa kama lita 1,000 kwa saa, yaani lita 168,000 kwa wiki. Washa moja, nyingine ziwe akiba, na kata kila mzigo usiogusa upoozaji, vipimo au taa za chumba cha udhibiti. Betri huchukua saa 4 hadi 8 tu. Kagua pia jenereta zimekaa wapi: Fukushima Daiichi, Japani, Machi 2011, nyingi zilikuwa chini ya majengo, tsunami ikazizamisha, na vinu 3 vikayeyuka.

Kwenye kinu cha maji yenye shinikizo, tumia pampu ya akiba inayozungushwa na mvuke. Inalisha maji majiko ya mvuke (matangi ambamo joto la kinu huchemsha maji) bila umeme mkubwa, mradi betri za vipimo na vali ziko hai. Endelea kushusha joto la kinu (kufika chini ya nyuzi 93 za Selsiasi huhitaji pampu za umeme), ukiangalia sili za pampu kuu, yaani vizibo vya kuzuia uvujaji: zikikosa maji ya kupoza huanza kuvuja, na uvujaji huo mdogo ndio humaliza maji ndani ya kinu.

Sasa bwawa la fito za urani zilizotumika, ambazo bado zina joto; bwawa hili watu hulisahau. Kina chake ni kama mita 12, fito ni mita 4, juu yake mita 7 hivi za maji. Bwawa lenye joto la MW 3 na eneo la mita 100 za mraba hupungua mita moja kwa siku likishaanza kuchemka. Usingoje. Maji yakikaribia vichwa vya fito, mionzi haimruhusu mtu kuingia; fito zikikauka, zirikoniamu, metali iliyozifunika, huweza kushika moto, na ikikutana na mvuke hutoa haidrojeni, gesi inayolipuka.

Tandaza bomba ukiwa bado unaweza kuingia, mdomo mmoja bwawani, mwingine nje ya jengo. Mdomo wa bwawani ubaki juu ya maji, au utobolewe tundu karibu na ukingo. Ukizamishwa, pampu ikizimika bomba litanyonya maji ya bwawa na kuyamwaga nje, usiku kucha. Weka pampu karibu na chanzo cha maji, kwa sababu haivuti zaidi ya mita 7. Pampu ya petroli ya inchi 3 ikitoa tani 20 kwa saa hutosheleza bwawa hilo kwa saa 5 kwa siku. Mabwawa ya aina ya Fukushima yako ghorofani, karibu mita 30 juu, na pampu hiyo haifiki. Hapo ni gari la zimamoto au la kupandishia zege, kama walivyofanya Wajapani.

Maji ya bahari yanafaa kama hakuna mengine. Koeberg, kituo pekee kinachozalisha umeme wa nyuklia Afrika, kiko ufukweni kaskazini mwa Cape Town: kitakachokosekana pale ni pampu. Boroni, iliyomo majini ili mpasuko usianze tena, hubaki maji yakivukia, hivyo iongeze tu kama bwawa linavuja.

Fungua paneli za ukuta wa jengo mapema ili haidrojeni itoke. Paneli ya jengo la kinu namba 2 Fukushima iling'olewa na mlipuko wa jengo la kinu namba 1, na jengo hilo halikulipuka kama ya jirani.

Baada ya kama miaka 5 fito huhamishiwa kwenye makasha makavu, yanayopozwa na hewa tu. Makasha 9 ya Fukushima yalifunikwa na tsunami na hayakudhurika. Lakini kasha lililojaa huzidi tani 100, na kreni yake haiendi kwa mkono, kwa hiyo tenga jenereta na dizeli yake tangu siku ya kwanza na usikubali iguswe.