Pima mteremko Shela kabla hujaenda kwenye theluji

Kwa nyinyi mnaoenda Ulaya mwezi wa tatu wa nne, mdogo wangu yuko Austria ndo kanifunza jana hii njia ya kutambua mteremko ambao theluji inaweza kuporomoka. Nenda vilima vya mchanga Shela, kule Lamu, laza fimbo kwenye ule ubavu mkali ambao mchanga unaporomoka ukikanyaga, weka simu juu yake ufungue programu ya kupima mteremko. Mchanga mkavu hukaa digrii 30 hadi 35 hivi, na maporomoko mengi ya theluji hutokea digrii 30 hadi 45, kwa hivyo jicho likizoea ule ubavu, kule milimani ukiona mkali kama huo au zaidi usipite, na chini yake pia usikae jamani, theluji inafika mpaka tambarare. Mchanga uliolowa usipimie, huo husimama wima zaidi. Na kwa mbali jicho hudanganya, pima tena kule. Halafu miezi hiyo jua likipanda theluji hulowa ikalegea, na usiku ukiwa na mawingu haigandi vizuri, basi hata alfajiri si salama, mguu ukizama kupita kifundo rudi.