Faili la mgonjwa kwenye kompyuta, usiliache wazi

Kituo chetu cha afya kilipohamia kwenye mfumo wa kompyuta, paswedi moja ilibandikwa kwenye kompyuta ya mapokezi, daktari, nesi, kijana wa maabara, wote tunaingilia hiyohiyo, siku majibu ya dada mmoja yalipovuja mtaani ikawa haijulikani nani alifungua. Kwa hiyo anza hapo, kila mtu na akaunti yake, maana mfumo unarekodi nani kafungua faili gani na saa ngapi, ukiazimisha paswedi umeazimisha na jina lako. Ukiinuka hata kufuata chai bonyeza kitufe cha Windows na L kwa pamoja, skrini inajifunga. Na kioo kisitazame benchi la wagonjwa bwana. Mtu wa mapokezi hana haja ya kuona majibu ya VVU, mwambie jamaa wa IT ampunguzie ruhusa. Halafu hii ya kupiga picha majibu na kurusha kwenye grupu la WhatsApp eti daktari ashauri, jamani, angalau ficha jina na namba ya faili. Kwa hapa Tanzania Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inahesabu taarifa za afya kuwa nyeti, kwa hiyo hata shemeji akikuuliza "hivi yule jirani alifuata nini pale kwenu?" jibu ni sijui, mpakulie wali.