Unataka gari ya spoti ya milango miwili na unaishi Dodoma? Nunua hivi

Niseme mapema kabisa, Dodoma ni mji mzuri wa kumiliki gari ya spoti, mzuri kuliko watu wengi wanavyodhani. Mvua zetu zinaanza Desemba zinaisha Aprili, baada ya hapo ni ukame mpaka Novemba, jioni kunapoa vizuri, lami ya Mtumba kwenye mji wa serikali ipo, lami ya Kondoa inakupeleka mpaka Babati na Arusha, ya Iringa inapita Mtera halafu unakutana na kona za mlima Nyang'oro, sasa nani kasema gari ya kufungua paa ni ya watu wa pwani tu? Kule pwani kuna chumvi inakula bodi, huku kwetu hewa kavu kutu inachelewa. Kwahiyo kama roho yako imependa Mazda Roadster au Nissan Fairlady Z au Toyota 86 usikatishwe tamaa na kila anayekwambia chukua Harrier. Ila kuna namna ya kununua na namna hiyo inaanzia uvunguni, sio kwenye rangi.

Kabla hujafungua mtandao kuangalia picha toka nje na futi kamba. Tatizo la gari za chini kwa hapa Dom huwa sio barabara kubwa, ni kile kipande cha kutoka lami mpaka getini kwako. Ukiwa Nkuhungu, Miyuji, Iyumbu, Nzuguni au hata sehemu za Ilazo unajua ninachosema, kuna vijikorongo mvua imechimba, kuna jiwe limechomoza katikati ya njia, kuna tuta wakazi wamejijengea wenyewe kwa kifusi. Pima kimo cha kile kilicho kirefu zaidi. Gari nyingi za aina hii uvungu wake upo kwenye sentimita 13 hivi kutoka ardhini, na hapo ni gari tupu, ukikaa wewe na mwenzio na tanki limejaa inashuka tena. Kinachogonga mara nyingi ni bampa ya mbele au sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, na sampu ikipasuka bila wewe kujua injini imekwenda. Kama hicho kipande chako hakipitiki basi aidha ongea na majirani mchonge lile tuta na kufukia korongo, au chagua gari nyingine. Kuna watakaokwambia weka spesa, vile vipande vya kuongeza kimo kwenye springi, uinue gari, kidogo sawa, sentimita mbili tatu, lakini ukizidisha unaua kile kitu ulichokilipia maana gari inaanza kuyumba kwenye kona.

Sasa kuchagua. Watu wanachagua kwa sura, mimi nakwambia chagua kwa fundi. Jiulize ni nani hapa mjini atafungua boneti ya hiyo gari na asikune kichwa. Ndio maana gari ninayoipendekeza sana kwa mtu wa kipato cha kawaida ni Toyota MR-S, ile ya wazi juu ilitoka 1999 mpaka 2007, injini yake ni 1ZZ-FE ya cc 1800, ndiyo hiyohiyo ipo kwenye Runx, Spacio na Premio kibao mtaani, yani plagi, koili, vichujio unapata mjini siku hiyohiyo. Celica ya 1999 mpaka 2006 nayo ipo yenye injini hiyo, na yenyewe ina paa la bati na buti ya maana. Ila zijue kasoro zake: 1ZZ za mwanzoni zinakula oili kwasababu ya ringi za pistoni, kwahiyo uliza gari inaongezwa oili kiasi gani kati ya sevisi na sevisi, na angalia kama eksozi inatoa moshi wa bluu. MR-S injini ipo nyuma ya viti na rejeta ipo mbele, mabomba ya maji yanatembea gari nzima, fundi akibadilisha maji asipotoa hewa yote gari itachemsha tu. Halafu MR-S haijawahi kuwa na otomatiki ya kawaida, kuna ya gia ya mkono na kuna ile SMT ambayo haina pedeli ya klachi, klachi inabanwa na mfumo wa haidroliki. Chukua ya mkono. Hiyo SMT ikizingua utahangaika kumpata anayeijua.

Mazda Roadster ndiyo kipenzi cha dunia kwenye kundi hili, imeanza 1989 na mpaka leo inatengenezwa, ni nyepesi, inakaribia tani moja tu, haina mambo mengi, na ukiendesha unaelewa kwanini watu wanaipenda. Spea zake hazijajaa hapa, utaagiza Dar au nje, lakini haiharibiki hovyo. Toyota 86 iliyotoka 2012 inatumia injini ya boksa ya Subaru, ile ambayo pistoni zake zinalala ubavu, kwahiyo ipeleke kwa fundi wa Subaru sio wa Toyota, na kwa zile za 2012 na 2013 uliza kama zilifanyiwa marekebisho ya springi za valvu maana kiwanda kiliziita zirudi kwa ajili ya hilo. Fairlady Z ya 3.5 ina injini ya familia moja na Murano, nguvu ipo ya kutosha, mafuta inakunywa, na tairi za nyuma sio saizi moja na za mbele kwahiyo huwezi kuzibadilisha za mbele ziende nyuma. Mazda RX-8 ni nzuri machoni na milango yake inavutia lakini ile injini ya rotari, isiyo na pistoni za kawaida, inakula oili kwa asili yake, inataka mtu anayeijua na kifaa maalumu cha kupima kompresheni, na dalili ya uchovu ni kugoma kuwaka ikiwa ya moto. Kwa Dodoma mimi RX-8 siishauri. BMW Z4 na Mercedes SLK za zamani zinauzwa bei inayoshawishi sana, lakini bei ya kununua ni mwanzo tu, sensa moja na pampu ya paa vinaweza kukurudisha kwenye bodaboda.

Paa nalo lina mambo yake. Paa la turubai na jua letu la saa saba ni maadui, turubai linakauka, linapasuka kwenye mikunjo, na Roadster za kizazi cha kwanza zina kioo cha nyuma cha plastiki ambacho kinageuka njano mpaka huoni trafiki aliye nyuma yako. Kama huna kivuli cha kupaki nyumbani na kazini tafuta yenye paa gumu la kukunja, ipo Roadster ya kizazi cha tatu kuanzia 2006, ipo na Daihatsu Copen ya cc 660, ndogo mno lakini imetulia. Kitu ambacho wauzaji hawakisemi ni matundu ya kutolea maji. Gari hizi zote zina vijitundu pembeni ya paa vya kushusha maji ya mvua chini, vumbi jekundu la huku linajaa humo linakuwa kama udongo wa kufinyangia, mvua ya kwanza ya Desemba maji yanakosa njia yanaingia ndani. Kwenye Z4 ya 2002 mpaka 2008 yanaingia mpaka kwenye mota ya pampu ya paa na kuiua. Kwahiyo unapokagua omba ndoo mbili za maji umwage juu ya paa lililofungwa, halafu inua kapeti nyuma ya viti ushike kwa mkono. Fungua na funga paa mara tatu mfululizo, mara moja haitoshi.

Kuhusu mpya kabisa sina mengi, Roadster ya sasa na GR86 ya cc 2400, mrithi wa ile 86, bado zinatengenezwa, utaagiza maalumu na bei yake pamoja na kodi ni ya kununulia kiwanja Iyumbu, ukiwa nayo hongera sana.

Wengi wetu tutaagiza iliyotumika Japani au tutanunua iliyopo tayari nchini. Kwenye kuagiza piga hesabu ya kodi kabla ya yote maana hapo ndipo ndoto nyingi zinafia. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, ushuru wa bidhaa ni 0 kwa injini isiyozidi cc 1000, asilimia 5 mpaka cc 2000 na 10 juu ya hapo, VAT 18, halafu ile ya uchakavu, gari ya miaka 8 mpaka 10 ni asilimia 15 na iliyozidi miaka 10 ni 30. Chukua mfano gari ya cc 1800 ambayo thamani yake mpaka bandarini TRA wanaihesabu milioni 20. Kama imezidi miaka 10 kodi hizo zinakaribia milioni 20 nyingine. Ikiwa na chini ya miaka 8 zinakuwa kama milioni 11. Na hizi gari tunazozipenda nyingi ni za zamani, kwahiyo ndio hivyo. Halafu TRA wanatumia thamani iliyopo kwenye mfumo wao sio risiti yako, ingia kwenye kikokotoo chao cha magari uweke modeli na mwaka, na kama bajeti mpya imepita rudia hesabu. Ongeza gharama za bandari, wakala wa forodha, usajili, na mafuta ya kuitoa Dar kilomita 450 hivi mpaka hapa.

Ukiagiza omba karatasi ya mnada, ile anayoandika mkaguzi wa mnada kule Japani, sio picha tu. Gredi 4 na 4.5 ni nzuri, 3.5 ina makovu yake, ukiona R au RA ujue iligongwa ikatengenezwa, na ndani ya gari wanaandika herufi, A na B ni safi. Kilomita usiziamini za kwenye dashibodi peke yake, linganisha na cheti cha kufutiwa usajili kule Japani, huwa kinaonyesha kilomita za ukaguzi wa nyuma. Na usisahau gari iliyotumika inapita kwenye ukaguzi wa TBS, shirika la viwango.

Ukinunua ya mkononi hapa nchini nenda asubuhi, na mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Shika boneti kwanza, kama ni ya moto kuna kitu kinafichwa. Wengi wanaouza gari za spoti waliziendesha kama walivyotaka, sio vibaya, ila wewe ndiye utakayelipia. Angalia tairi kama zimelika upande mmoja, angalia bolti za fenda kama zimewahi kufunguliwa, gonga bodi kwa vidole usikie kama kuna pati, ile plasta ya kuzibia bodi iliyogongwa, fungua mlango uuinue kidogo maana milango hii ni mirefu na mizito, bawaba zinachoka. Lala chini uangalie sampu na eksozi, mikwaruzo itakusimulia gari imeishi mtaa gani. Gari iliyobadilishwa badilishwa, eksozi kubwa, springi zimekatwa, kompyuta imechezewa, mimi huwa naiacha hata kama bei ni nzuri, tafuta iliyo kama ilivyotoka kiwandani.

Kuijaribu ipeleke kwenye miinuko ya chuo kikuu, UDOM. Panda na gia ya juu kidogo, ukisikia injini inapanda mizunguko lakini gari haiendi klachi imekwisha. Usishangae ikiwa nzito kidogo kuliko uliyoiendesha Dar, tupo kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na injini isiyo na tabo inapoteza karibu asilimia 10 ya nguvu, hiyo sio ugonjwa. Ikiwa inagonga gonga ukikanyaga mafuta mlimani muulize fundi habari ya okteni, maana Fairlady, 86 na Honda S2000 zimetengenezewa petroli ya okteni ya juu, yani inayohimili mgandamizo bila kugonga. Ukirudi iache inaunguruma mchana kweupe dakika ishirini na kiyoyozi kimewashwa, macho kwenye geji ya joto. Halafu iwekwe kwenye mashine ya kusoma kompyuta ya gari, na kama muuzaji anakataa mashine mshukuru uondoke.

Makaratasi usimwachie dalali. Linganisha namba ya chesisi kwenye bodi na kwenye kadi, angalia jina la kwenye kadi ndiye huyo anayekuuzia, angalia madeni ya trafiki kwenye mfumo wao, mkataba wa mauziano ufanyike kwa wakili, na uhamishe umiliki TRA mara moja, usitembelee kadi ya mtu mwingine kwa miezi.

Ikishakuwa yako badilisha oili zote, ya injini, giaboksi na difu, maji ya rejeta, maji ya breki, na kichujio cha hewa ambacho kwa vumbi letu ukifungue kila mwezi. Zibua yale matundu ya paa kwa waya laini wa plastiki mwezi Novemba kabla mvua hazijaanza. Roadster za kizazi cha tatu na cha nne na Z4 hazina tairi ya spea, kwahiyo nunua pampu ndogo na dawa ya kuziba pancha kabla hujaenda Manyoni. Na bima chukua kubwa, sio ya thadi pati, kwasababu bampa moja ya mbele ya 86 utaisubiri kutoka nje wiki kadhaa na bei yake haina huruma, na kabla hujasaini waulize kampuni ya bima kama watalipa kwa spea ya kuagiza au kwa bei ya makadirio yao, jibu la hapo walitoe kwa maandishi.