Somo: Kuvua besi Mille Lacs, kuanzia barafu inapoyeyuka

Wengi wetu tuliohamia Minnesota, Marekani, tulimjua besi wa mdomo mkubwa kule Naivasha, alikopelekwa mwaka 1929. Kule maji hayagandi. Hapa kwenye ziwa Mille Lacs anayetamba ni binamu yake, besi wa mdomo mdogo, na shughuli zake zote hufuata joto la maji. Kwa hiyo kabla ya kununua chambo cha kila rangi, nunua kipimajoto.

Hatua ya 1: Leseni. Aliyetimiza miaka 16 anaihitaji. Ile ya mwaka huisha mwisho wa Februari, hata uwe umeikata Januari.

Hatua ya 2: Masika. Maji yakifika nyuzi 8 hadi 13 za Selsiasi, besi hutoka kilindini na kukusanyika pale kina kinapoanza kupungua kuelekea kwenye changarawe. Bado ni mzito, basi buruta chambo polepole sakafuni, karibu kukiacha kilale.

Yakifika 15 hadi 18, dume hufagia changarawe kwa mkia, jike hutaga, kisha dume hubaki kulinda mayai. Wakati huu atauma chochote kinachosogea, si kwa njaa bali kwa kulinda. Ni samaki rahisi mno, na mimi huwa simgusi. Ukimtoa hata kwa dakika chache za kupiga picha, samaki wadogo wanaovizia hapo pembeni huingia kula mayai.

Hatua ya 3: Kiangazi. Tafuta miamba iliyozama, maana ndiko waliko kamba wa ziwani wenye makucha (crayfish), chakula chake kikuu. Alfajiri tumia chambo kinachoelea. Jua likipanda, shuka mita 4 hadi 8. Maji ya ziwa hili ni maangavu, hasa tangu kome milia (zebra mussels), wavamizi wanaochuja maji, walipogunduliwa humo mwaka 2005, kwa hiyo tumia mshipi mwembamba na utupe mbali. Na utazame anga: ziwa lina kama kilomita za mraba 530 lakini kina chake hakizidi sana mita 13, hivyo upepo mdogo tu huinua mawimbi mabaya. Jaketi la kuokolea livaliwe, lisikaliwe.

Hatua ya 4: Vuli. Wengi wameshaegesha mashua, wakati huu ndio mtamu kuliko yote! Maji yakishuka chini ya 15, besi hula kwa pupa kujiwekea mafuta. Tumia chambo kikubwa chenye umbo la samaki, kwenye kingo za miamba.

Hatua ya 5: Baridi. Mwache. Chini ya barafu besi hatafuti chakula sana. Ukitaka kuvua aina nyingine, barafu mpya iliyo angavu iwe na unene wa sentimita 10 angalau ndipo uikanyage.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, nina pesa ya fimbo moja tu. Ninunue ipi?
Ya wastani, isiyo ngumu sana, urefu wa kama mita 2, na rili ile ya kuning'inia chini ya fimbo. Itakufaa misimu yote.

Kaka, huyu samaki analiwa? Mzee wangu anasubiri mchuzi.
Analiwa, dada. Ila ruhusa ya kumchukua ina msimu wake, na idadi na urefu hubadilika; soma kijitabu cha mwaka huu cha DNR, idara ya maliasili ya jimbo. Soma pia ushauri wao kuhusu zebaki, hasa kama nyumbani kuna mjamzito au watoto. Wadogo huwa na zebaki kidogo kuliko wakubwa.

Nikitoka Mille Lacs asubuhi, naweza kupeleka mashua ziwa jingine jioni?
Sheria inataka kabla ya kuondoka uchomoe kizibo, umwage maji yote, hata ya ndoo ya chambo, na uondoe majani yaliyonasa. Lakini viluwiluwi vya kome milia havionekani kwa macho. Mimi ningeiacha mashua ikauke siku 5 kwanza, jioni hiyo nivulie ukingoni.