Somo: Namna ya kusoma utafiti unaohusisha kirusi na saratani

Nimeulizwa swali moja mara nyingi mno: mtu amesoma kwamba kirusi fulani kimekutwa kwa wagonjwa wa saratani fulani, naye anataka kujua kama ndicho kilichowaletea ugonjwa huo. Nimeandika somo hili ili maelezo yakae mahali pamoja, na atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa. Mfano wangu mkuu ni kirusi cha homa ya ini B na saratani ya ini, kwa kuwa takwimu zake ni bayana na kila mwenye kikokotoo anaweza kuzihakiki mwenyewe.

Hatua ya 1. Andika jina kamili la kirusi na la saratani. Kusema "kirusi cha papiloma" hakutoshi, kwa sababu aina zake zimepita 200, ilhali aina mbili tu, ya 16 na ya 18, ndizo zinazosababisha takriban asilimia 70 ya saratani za shingo ya kizazi.

Hatua ya 2. Tambua kama watafiti walianza na wagonjwa kisha wakatafuta watu wa kuwalinganisha nao, au walianza na watu wenye afya wakawafuatilia kwa miaka.

Hatua ya 3. Uliza kipimo kilipima kitu gani hasa. Hapa ndipo nilipokosea mimi, kwa hiyo naomba mnivumilie nirefushe.

Damu ya mtu inaweza kuonesha mambo matatu tofauti kuhusu homa ya ini B. Antijeni ya ganda la kirusi, yaani kipande cha kirusi chenyewe, ikionekana, kirusi kimo mwilini sasa, na ikidumu zaidi ya miezi sita maambukizi yamekuwa sugu. Kingamwili dhidi ya kiini cha kirusi huonesha kwamba mtu aliwahi kuambukizwa, awe amepona au bado anacho. Kingamwili dhidi ya ganda huonesha kwamba amepona au amechanjwa. Nilipokuwa mgeni katika kazi hii nilipewa jedwali lenye vipimo hivi vyote, nikamhesabu kila aliyekuwa na jibu chanya, la kipimo chochote kile, kuwa "ameambukizwa", kisha nikahitimisha kwamba uhusiano wa kirusi na saratani ya ini ni wa wastani tu. Ripoti ilikuwa imekwisha kuwafikia wenzangu nilipogundua kosa, ikanibidi nimwandikie kila mmoja wao kuiondoa.

Ili uone ukubwa wa madhara, tuchukulie wagonjwa 100 na wasio wagonjwa 100. Wenye antijeni ya ganda ni wagonjwa 70 na wasio wagonjwa 10. Gawanya 70 kwa 30, gawanya 10 kwa 90, kisha gawanya jibu la kwanza kwa la pili: utapata 21. Sasa waongeze wenye kingamwili, ili "walioambukizwa" wawe wagonjwa 95 na wasio wagonjwa 80. Hesabu ile ile inatoa 4.75. Watu ni wale wale na damu ni ile ile, ila uhusiano mkubwa umefifia kwa sababu waliopona na waliochanjwa wamechanganywa na wanaobeba kirusi. Tahadhari, basi: usiunganishe safu za vipimo kabla hujajua kila kipimo kinasema nini kuhusu wakati, na ukikuta makala inayosema "chanya" bila kutaja kipimo, usiitumie hata kama imeandikwa vizuri.

Hatua ya 4. Uliza sampuli ilichukuliwa lini. Uvimbe unaweza kudhoofisha kinga na kumwamsha kirusi aliyelala, hivyo damu iliyotolewa baada ya ugonjwa kugunduliwa haiwezi kukuambia kilichotangulia. Ndiyo maana nauheshimu sana utafiti wa eneo la West Nile nchini Uganda, ambako watoto wapatao 42,000 walitolewa damu wakiwa bado na afya, ikahifadhiwa, na wakafuatiliwa. Ripoti ya mwaka 1978 ilionesha kwamba wale 14 waliopata limfoma ya Burkitt, saratani ya seli za kinga, walielekea kuwa na kingamwili nyingi zaidi dhidi ya kirusi cha Epstein-Barr tangu kabla uvimbe haujaonekana.

Hatua ya 5. Fanya hesabu mwenyewe. Mwaka 1981 Palmer Beasley na wenzake walitoa matokeo ya kuwafuatilia wanaume 22,707 nchini Taiwan. Waliokuwa na antijeni ya ganda walikuwa 3,454, na 40 kati yao walipata saratani ya ini; wasiokuwa nayo walikuwa 19,253, na aliyepata ni mmoja. Ukigawanya hatari ya kundi la kwanza kwa hatari ya kundi la pili unapata 223. Katika epidemiolojia ya saratani, yaani utafiti wa jinsi ugonjwa huo unavyoenea kwa watu, uwiano wa kiasi hicho ni wa nadra sana.

Hatua ya 6. Tafuta sababu nyingine inayoweza kuwa imejificha nyuma ya ile unayoiona. Katika miaka ya 1960 na 1970 watafiti wengi waliamini kwamba saratani ya shingo ya kizazi inaletwa na kirusi cha herpesi aina ya 2, kwa kuwa wagonjwa walikuwa na kingamwili zake kwa wingi. Kumbe herpesi na papiloma husambaa kwa njia moja, na mwenye kimoja ana uwezekano mkubwa wa kuwa na kingine. Harald zur Hausen na wenzake walipoitenga papiloma aina ya 16 mwaka 1983 na aina ya 18 mwaka uliofuata, mkosaji halisi alianza kuonekana.

Hatua ya 7. Angalia kinachotokea kirusi kikizuiwa. Taiwan ilianza kuwachanja watoto wachanga dhidi ya homa ya ini B mwaka 1984. Saratani ya ini kwa watoto wa miaka 6 hadi 14 ilikuwa 0.70 kwa kila watoto 100,000 kwa mwaka katika kipindi cha 1981 hadi 1986, na katika kipindi cha 1990 hadi 1994 ilikuwa imeshuka hadi 0.36.

Maswali ya wanachama

Njia Panda: Sijasoma lote, nina haraka. Nimepimwa nikaambiwa nina kingamwili za Epstein-Barr. Je, nitapata saratani?

Mwandishi: Zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima duniani wanacho kirusi hicho, na walio wengi hawapati saratani kwa sababu yake. Majibu yako mpelekee daktari aliyeagiza kipimo, kisha usome hatua ya 3.

Njia Panda: Basi kama wengi hawaugui, kirusi si sababu. Mbona unatutisha?

Mwandishi: Sikuandika hivyo, wala sijamtisha mtu. Rudi kwenye takwimu za Taiwan: kati ya wabebaji 3,454, watu 3,414 hawakuwa wamepata saratani wakati ule, na bado wagonjwa 40 kati ya 41 walikuwa wabebaji. Kauli zote mbili ni kweli kwa pamoja. Sababu inaweza kuwa ya lazima, au karibu na lazima, bila kutosha peke yake.

Mdadisi: Shikamoo, mwalimu. Ikiwa Epstein-Barr kimeenea duniani kote, kwa nini limfoma ya Burkitt iwapate watoto wengi zaidi katika Afrika ya kitropiki?

Mwandishi: Marahaba. Swali lako ni zuri, na Denis Burkitt mwenyewe, aliyeueleza uvimbe huo mwaka 1958 akiwa daktari wa upasuaji nchini Uganda, aliona kwamba unafuata maeneo yenye joto na mvua. Jibu linapitia malaria. Mtoto anayeugua mara kwa mara malaria ya falsiparamu huzalisha seli B, ambazo ni seli za kinga, kwa wingi mno, na seli hizo ndizo maskani ya kirusi. Wakati huo huo seli T, ambazo kazi yake ni kukidhibiti, hulegea. Kadiri seli B zinavyogawanyika ndivyo inavyozidi kuwa rahisi kwa kromosomu kukatika na kuungana vibaya, na katika Burkitt jeni ya MYC, inayochochea seli kugawanyika, huhamishiwa mahali ambapo haizimwi tena. Kirusi, vimelea na ajali ya kromosomu vinafanya kazi pamoja, kwa hiyo ukikuta utafiti wa Burkitt usiopima malaria, uusome kwa uangalifu.

Safu na Nguzo: Nimejaribu kukokotoa sehemu ya saratani ya ini inayotokana na kirusi kule Taiwan. Wabebaji ni asilimia 15.2 ya wote. Nimezidisha 0.152 kwa 222 (yaani 223 kutoa 1) nikapata 33.7, nikagawanya kwa 34.7 (yaani 33.7 kujumlisha 1), na jibu ni asilimia 97. Je, nimepatia?

Mwandishi: Umepatia, na nimefurahi kuona umeshika kikokotoo. Ipo njia ya pili ya kujihakiki: chukua sehemu ya wagonjwa waliokuwa wabebaji, 40 kwa 41, uizidishe kwa 222 na ugawanye kwa 223. Utaona asilimia 97 tena. Njia hii ya pili ndiyo ya kutumia uwiano wa hatari unapokuwa umerekebishwa kwa umri au kwa mambo mengine.

Safu na Nguzo: Na sehemu za sababu mbalimbali zikizidi asilimia 100 zikijumlishwa?

Mwandishi: Si kosa. Mgonjwa mmoja huhesabiwa chini ya kila sababu iliyochangia ugonjwa wake. Katika utafiti wa wanaume 18,244 wa Shanghai, aflatoksini, sumu ya ukungu wa nafaka na karanga, peke yake iliongeza hatari ya saratani ya ini mara 3.4, homa ya ini B peke yake mara 7.3, na zote mbili kwa pamoja mara 59. Mtu mwenye zote mbili ungemweka upande gani?

Darubini: Ninafanya kazi maabara. Ningeongeza kwamba sampuli za wagonjwa na za wasio wagonjwa zipewe namba za siri, zichanganywe, na zipimwe siku moja kwa vitendanishi (kemikali za kupimia) vya toleo moja.

Mwandishi: Ahsante, hilo lilistahili hatua yake. Mwaka 2006 kirusi kilichoitwa XMRV kiliripotiwa katika uvimbe wa tezi dume, na ripoti hiyo ikafutwa mwaka 2012 baada ya kuthibitika kwamba kirusi kilizaliwa maabara, pale seli za uvimbe wa binadamu zilipokuwa zikikuzwa ndani ya panya. Je, ninyi huweka sampuli tupu za maji ngapi katika kila awamu ya upimaji?

Darubini: Moja kwa kila sampuli kumi, nazo haziwekwi mwishoni bali katikati ya nyingine, ili uchafuzi ukitokea tujue ulianzia wapi.