Kulinda usafi wa gesi kwenye mashine ya soda ya mgahawa

Kabonidioksidi inayotia mapovu kwenye soda humezwa na mteja pamoja na maji na sukari, kwa hiyo mwenye mgahawa hana budi kuihesabu kuwa chakula. Unapoagiza mtungi, sema wazi kwamba unataka gesi ya vinywaji, ambayo usafi wake haupungui asilimia 99.9, usikubali kupewa ile ya kuchomelea vyuma, na udai cheti cha vipimo. Asilimia hiyo peke yake haitoshi, kwa kuwa salfa, hata ikiwa kidogo mno, huharibu harufu ya kinywaji: mwaka 1999 Coca-Cola iliondoa vinywaji vyake madukani nchini Ubelgiji, na yenyewe ikataja salfa iliyokuwamo ndani ya gesi kuwa miongoni mwa sababu.

Uchafu mwingi, hata hivyo, huingia siku ya kubadilisha mtungi. Ufunge mtungi wa zamani ungali na presha kidogo, maana ukiisha kabisa unyevu hupata njia ya kuingia. Mpya usimamishwe wima na kufungwa kwa mnyororo ukutani, kwani ukilazwa hutoa gesi ikiwa kimiminika, na mafuta au kutu iliyotuama chini huweza kufuata humo humo. Futa mdomo wa vali kwa kitambaa safi kikavu, simama pembeni, fungua kidogo sana na kufunga papo hapo ili vumbi lirushwe nje, ndipo ufunge regyuleta, yaani kifaa cha kupunguza presha ya gesi, kwa washa (pete ya kuzibia) mpya, bila grisi yoyote. Pakaza maji ya sabuni kwenye maungio. Mapovu yakitokea, kaza upya, kwani gesi hii ni nzito kuliko hewa na hujikusanya chini ya stoo, ambako inaweza kuua.

Kati ya regyuleta na mashine weka chujio la mkaa maalumu, na uandike juu yake tarehe ulipolifunga, kwa sababu chujio lililoshiba halionyeshi dalili kwa macho. Vali ya kuzuia maji yasirudi kwenye mpira wa gesi nayo ikaguliwe na fundi.

Kila asubuhi kinga maji ya gesi matupu, bila sirapu, kwenye glasi isiyo na harufu ya sabuni. Ifunike kwa kiganja safi, itikise, kisha unuse. Uchachu kidogo ni wa gesi yenyewe. Ukisikia harufu ya yai viza, funga mtungi, usimamishe mauzo ya soda, uandike namba ya mtungi huo na kumwita aliyekuuzia.