Jinsi ya kuchagua kasuku wa kufuga huku Nyanda za Juu Kusini

Kila ikikaribia sikukuu napigiwa simu, mara mtu wa Iringa, mara wa Makambako, na swali huwa lile lile: "Kaka, nitampata wapi kasuku anayeongea?" Nami huanza kwa kumuuliza anapikia nini, na anapikia wapi.

Nafuga kasuku wadogo hapa Uyole, Mbeya, na ndege wa kwanza niliyempoteza hakufa kwa ugonjwa. Ilikuwa Julai, baridi imeshika, tukaingiza jiko la mkaa sebuleni tuote moto. Sisi tuliumwa kichwa tu. Asubuhi nilimkuta kokateli wangu chini ya tundu, amekakamaa. Mpaka leo nikisikia mtu anataka kasuku, jambo la kwanza linalonijia ni lile jiko.

Hatua ya 1: Kagua nyumba kabla ya kutafuta ndege

Mbeya mjini tuko kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, na Njombe iko juu zaidi. Watu hudhani baridi ndiyo adui. Kasuku mzima mwenye manyoya kamili anaistahimili baridi yetu, mradi anakula vizuri na hapigwi na upepo. Kinachomuua ni namna tunavyoota moto. Mapafu ya ndege yameungana na mifuko ya hewa iliyoenea mwilini, na hewa hupita kwenye mapafu hayo kwa mkondo mmoja. Anavuta hewa safi kwa ufanisi kuliko sisi, na sumu vilevile. Ndiyo maana wachimbaji wa makaa ya mawe Uingereza walikuwa wakishuka mashimoni na ndege mdogo kwenye tundu, desturi iliyokoma mwaka 1986. Ndege akianguka, watu walijua hewa imechafuka.

Kwa hiyo tafuta chumba ambacho moshi wa jiko haufiki, si jikoni wala varanda inayopakana na jiko la nje. Kikaango kile cheusi kisichoshika chakula kikiachwa motoni mpaka kikaungua, hutoa hewa inayoua kasuku kwa dakika chache, hata kama wewe husikii harufu yoyote. Dawa ya mbu ya kupuliza na ile ya kuchoma nazo zisiingie chumba chake.

Usiku wa Juni na Julai mimi hufunika tundu kwa blanketi pande tatu, upande wa nne nauacha wazi apumue. Tundu huwa limeegemea ukuta wa ndani, mbali na dirisha. Usiku ukizidi ukali, naweka chupa ya maji ya moto iliyovingirishwa kitambaa, nje ya tundu, upande mmoja tu, ili akiona joto limezidi asogee. Kama nyumba yako ni chumba kimoja na ndicho unachopikia kwa mkaa, nakuomba usinunue kasuku kwa sasa. Subiri uhame.

Hatua ya 2: Hesabu miaka, kisha chagua aina

Bajerigari, yule mdogo wa asili ya Australia, kwa kawaida huishi miaka 5 hadi 10. Cherero, kasuku mdogo aitwaye lovebird kwa Kiingereza, 10 hadi 15. Kokateli, mwenye kishungi kichwani, 15 hadi 20. Kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu hufika 40 na kuendelea, kwa hiyo mtu mzima akimnunua leo ajue anamrithisha mtoto wake. Muulize huyo mtoto kwanza.

Anayeanza nampa jina moja bila kusita: bajerigari. Ni mpole, kelele zake zinavumilika kwenye nyumba za kupanga, na dume lake hujifunza maneno likizoeshwa kwa subira. Kokateli dume hupiga mluzi vizuri sana, ila ana unga mwingi kwenye manyoya, na mwenye pumu nyumbani ataumia. Cherero ni mzuri wa sura, lakini kuongea ni nadra na anauma. Ukinunua kwa ajili ya maneno tu utavunjika moyo, kwani wapo kasuku wa kila aina wasiosema neno maisha yao yote.

Hatua ya 3: Uliza alizaliwa wapi

Hapa ndipo nisipotaka kubembeleza mtu. Cherero mwenye kichwa cheusi na shingo ya njano ni ndege wetu. Ukienda Hifadhi ya Ruaha utawaona wakiruka makundi kwa makundi. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 hairuhusu kumkamata mnyamapori bila kibali. Anayekufuata stendi na cherero watano kwenye boksi la sabuni hana kibali hicho, na wewe ukinunua unamtuma arudi porini kukamata wengine. Ukitaka cherero, hata aliyeanguliwa tunduni, nenda kwanza ofisi ya TAWA, mamlaka ya serikali ya kusimamia wanyamapori, uulize karatasi zinazotakiwa.

Kasuku wa kijivu ndiye aliyeumizwa zaidi na biashara hii. Mwaka 2016, mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini, uliofanyika Johannesburg ulimpandisha hadi Kiambatisho cha Kwanza, orodha yenye ulinzi mkali zaidi, na tangu 2017 biashara ya kimataifa ya waliokamatwa porini imepigwa marufuku. Akitokea mtu anakuuzia mmoja kwa bei ya kushangaza na hana karatasi, ondoka.

Bajerigari na kokateli wamefugwa kwa vizazi vingi na hawamo kwenye orodha za CITES, sababu nyingine ya mimi kuwapendekeza. Dalili nzuri ya ndege aliyezaliwa kwa mfugaji ni pete ya mguuni isiyo na kiungo. Pete hiyo huvalishwa kinda akiwa na siku chache, vidole vikingali vidogo. Mguu ukikomaa haiwezi kuingia tena.

Hatua ya 4: Mtazame kabla ya kumshika

Ukifika kwa mfugaji, salimia, kisha omba kiti ukae mbali na tundu dakika kumi. Kasuku huficha ugonjwa, maana porini anayeonekana mnyonge ndiye anayeliwa. Akiona mgeni hujikaza na kusimama wima, na wewe unadhani ni mzima. Akishakuzoea ndipo hali yake halisi inapojitokeza.

Angalia mkia kwanza. Ukipanda na kushuka kwa kila pumzi huku ametulia, ana shida ya kifua. Aliyejivimbisha manyoya mchana, macho nusu wazi, miguu yote miwili imeshika kijiti, anaumwa. Mzima akisinzia mara nyingi hukunja mguu mmoja. Matundu ya pua yawe makavu, na manyoya ya chini ya mkia yawe safi. Tazama kinyesi sakafuni mwa tundu: kiwe na sehemu ya kijani au kahawia iliyoshikana, sehemu nyeupe, na maji kidogo. Kikiwa maji matupu, uliza maswali zaidi.

Kisha mwombe mwenyewe amshike, nawe upitishe kidole kifuani. Mfupa wa kati usikike, lakini pembeni yake pawe na nyama. Ukichongoka kama kisu, ndege amekonda kwa muda mrefu, manyoya tu yalikuwa yanamficha.

Umri wa bajerigari unasomeka usoni. Kinda ana mistari inayoshuka kwenye paji mpaka karibu na pua, na mistari hiyo hurudi nyuma akifikisha miezi mitatu minne. Mchague akiwa bado nayo, ila awe anakula mwenyewe. Kaa umwone akimenya mbegu. Kwa waliokomaa, ngozi laini iliyo juu ya mdomo huwa ya buluu kwa dume na ya kahawia kwa jike. Kwa weupe na wa njano wenye macho mekundu kipimo hicho kinadanganya, kwani ngozi hiyo kwa dume lao hubaki na rangi ya waridi.

Hatua ya 5: Ujue atakula nini kwako

Muulize mfugaji anampa nini, na uondoke na kifuko cha chakula hicho hicho cha wiki mbili. Badilisha polepole. Huku tumebarikiwa: ulezi, mtama, uwele, mchicha, karoti, mahindi mabichi. Alizeti zina mafuta mengi, mpe chache kama zawadi unapomfundisha.

Sasa sikiliza, hasa ninyi wa Rungwe na Njombe: parachichi ni sumu kwa kasuku. Tunda, jani, ganda, kokwa, vyote. Dada mmoja wa Tukuyu aliniambia, "Lakini kaka, mtoto wangu ndiyo anakua kwa hilo!" Kweli, na mtoto aendelee. Ila anawe mikono kabla ya kumgusa ndege, na tundu lisiwekwe karibu na meza ya kulia. Kahawa na chokoleti nazo ni mwiko.

Tundu la bajerigari wawili liwe na urefu usiopungua sentimita 80, nafasi kati ya nyaya isizidi sentimita 1.2. Waya wa kuchovywa zinki anaoutafunatafuna unaweza kumtia sumu. Tafuta uliopakwa rangi imara. Vijiti vya kukalia kata matawi ya mpera, mengine membamba, mengine manene.

Hatua ya 6: Safari na siku 40 za kwanza

Akitoka Dar es Salaam kwa basi, ajue au asijue, atapanda mlima wa Kitonga na kukutana na baridi asiyoizoea. Msafirishe kwenye boksi dogo lenye matundu ya hewa, kipande cha tango ndani badala ya maji, nawe ukiwa naye kitini. Buti la basi halimfai.

Akifika, usimchanganye na ndege wengine kwa siku 40, na asikae karibu na banda la kuku. Kideri hakichagui, kasuku anaweza kukipata na kukieneza. Ipo pia homa ya kasuku inayotuingia sisi kwa vumbi la kinyesi, kwa hiyo lowanisha kinyesi kabla ya kukikwangua. Ukipata homa na kikohozi kisichoisha, mwambie daktari kwamba unafuga kasuku.

Siku mbili za kwanza mwache, mwekee maji na chakula, usimshike. Siku ya tatu mpime kwenye mizani ya jikoni inayosoma gramu, uandike. Bajerigari wengi ni gramu 30 hadi 40, kokateli 80 hadi 100. Mpime kila Jumamosi asubuhi kabla hajala, na ukiona amepoteza sehemu ya kumi ya uzito wake, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, usingoje Jumatatu.